Alionywa Akiwa Peke Yake

Usijitie hamnazo. Unakijua kile kiwanda cha mikate chenye mstari wa zaburi ukutani, herufi kubwa za bluu. Unapita pale kila asubuhi, unachukua mkate wako ungali moto, unaubana kwapani, na ukisikia kelele za ndani unasema ni mashine hizo. Siku ile ulisikia. Mashine haimwiti mama yake. Ulisikia vizuri tu, ukageuza shingo, ukaongeza mwendo, na Jumapili ukasimama kanisani ukaimba besi kama kawaida. Sasa utatulia hapo ulipo na utasikia yote, maana waliokuwa na haki ya kukusimulia kwa upole walishajaribu, na upole wao ndio uliowamaliza.

Aliyekuwa anapiga kelele ni mume wa fundi cherehani, yule mnayemwita Madonge. Jina hilo alilipata kwenye mashine ya kusukuma madonge ya unga: roli mbili nene za chuma zinazozunguka zikitazamana, unalisha donge kwa juu, linatoka chini limetandazika kama shuka. Mashine ile ililetwa na kinga yake, kizuizi cha chuma kinachokaa mbele ya roli ili mkono usipite hata ukitaka. Kinga ina kosa moja tu: inamlazimisha mtu alishe unga taratibu. Mwenye kiwanda, mzee wa kanisa, mwalimu wa kipindi cha Jumatano, akasema inakula muda. Iling'olewa wakati wa oda za harusi. Harusi zikaisha, maharusi wakazaa, watoto wakabatizwa, na kinga ikawa bado iko stoo imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia. Madonge aliomba irudishwe. Aliambiwa aongeze imani.

Imani ikaongezwa, na vidole vikapungua. Mkono wa kulia ulibakiwa na dole gumba.

Wafanyakazi humwita mwenye kiwanda Mzee Tushukuru, lakini wakiwa mbali naye. Siku Madonge aliporudishwa kutoka hospitali, mzee huyo alikuja kumwona. Hakuwa na safari ndefu, kwa sababu chumba na sebule anakokaa Madonge ni vya kiwanda, vimo ndani ya ua ule ule. Alikuja na mikate ndani ya mfuko wa plastiki na Biblia yenye zipu. Akakaa kwenye kiti cha fundi cherehani, kile cha kushonea, bila kukaribishwa.

"Tushukuru," akasema, "wa kushoto umebaki."

Mama mkwe wa fundi cherehani, kizee mwenye ulimi ambao hata kupooza upande mmoja hakukuufunga, alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni. Akageuza uso.

"Tushukuru na miguu, baba mzee. Na masikio nayo yapo, hebu muhesabie."

"Mama, uchungu ni mlango wa adui."

"Na mlango wa stoo ni wa nani?"

Fundi cherehani akaona haya, akamwambia mama mkwe anyamaze. Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke mnyoofu kama mshono wake, anashona majoho ya kwaya, anapiga pindo magauni ya nusu ya kanisa, na kile anachofundishwa Jumatano anakitenda Alhamisi. Mwaka ule kanisa lilikuwa na mpango wenye jina zuri, Neno Kazini. Kila wiki fundisho moja, na Jumapili mtu anasimama kushuhudia alivyolitumia nyumbani au kazini. Ungesikia mambo! Mmoja alimsamehe jirani ambaye kuku wake walimparuria mchicha. Mwingine alimpenda adui yake, yaani dada wa mume, kwa kumsalimia. Watu wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Dhambi zenyewe ndogondogo, za kutosha kwenye kiganja, na hakuna hata moja iliyomhusu mwenye gari.

Mzee alipoondoka, kizee akajiinua kwenye mto.

"Nendeni ofisi ya kazi. Leo. Mkaguzi aje akute mashine ikiwa uchi vile vile."

"Siwezi, mama," akasema fundi cherehani. "Tumefundishwa. Ndugu akikukosea, kwanza unamwonya ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, unachukua mashahidi. Asipowasikia na hao, unaliambia kanisa. Huanzi na serikali, kumpeleka ndugu mbele ya wasioamini."

"Nani kakufundisha?"

"Si Mzee mwenyewe, Jumatano."

"Ahaa." Kizee akajilaza. "Na paka akifundisha panya njia za kupita, atamwonyesha zile asizozijua yeye?"

Madonge alikuwa ameketi kitandani, mlango wazi katikati yao, ameweka lile furushi la bandeji mapajani kama mtoto wa kuazima.

"Mwacheni afanye kwa utaratibu," akasema. "Mzee ni ndugu. Atasikia."

Huyo ndiye mume wake. Mtu ambaye mashine imekula vidole vyake, na bado anaogopa kuonekana hana utaratibu.

Basi akaenda. Akafua kitenge, akakinyoosha kwa pasi, akajifunga, akavuka ua, akabisha hodi ofisini kwa mzee. Alikuwa amefunga tangu asubuhi ili asiseme kwa hasira. Akamwambia yote, kwa upole, kama alivyoelekezwa. Kwamba kinga iliondolewa kwa amri yake. Kwamba Madonge aliiomba, na walioshuhudia wapo. Kwamba ipo stoo, nyuma ya magunia ya sukari, na yeye mwenyewe ameiona kwa macho yake alipokwenda kuchukua magunia matupu ya kushonea mapazia. Kwamba hataki ugomvi, anataka mzee akiri kosa, amtunze mume wake, na asiwatoe kwenye chumba. Na kwamba akikataa, basi itabidi zifuate hatua nyingine, mwisho wake hata ofisi ya kazi.

Mzee Tushukuru alisikiliza akiwa amefumba macho. Chozi likamtoka, kweli kabisa. Huyu mtu ana machozi ya kufungulia na kufunga.

"Dada yangu, leo umenitendea kama Neno linavyotaka. Ni wachache." Akajifuta. "Umemwambia nani mwingine habari za hiyo kinga kuwa stoo?"

"Sijamwambia mtu wa nje. Ilitakiwa nikuonye peke yako kwanza."

"Ubarikiwe sana," akasema mzee. "Sana."

Wakaomba pamoja. Fundi cherehani akarudi nyumbani uso unang'aa. Alasiri, akiwa anatia uzi kwenye sindano, akasikia upande wa kiwanda mlio wa kuchomelea chuma. Halafu ikaja harufu ya rangi mbichi, ikapita juu ya harufu ya mkate, ikaingia dirishani, ikakaa humo sebuleni.

Kizee akanusa.

"Anakiri huyo," akasema. "Anakiri kwa brashi."

*

Wewe ungekimbilia ofisi ya kazi siku hiyo hiyo, sivyo? Usijidanganye. Ungefanya kama yeye, au ungefanya pungufu, maana yeye alau alivuka ua. Fundi cherehani alikosa usingizi, lakini asubuhi alijiambia kwamba fundisho halijaisha, bado kuna mashahidi. Akamwendea shemasi wa stoo, bwana mnene mpole anayetunza magunia na funguo, na katibu wa umoja wa akina mama. Wote wawili wakakubali. Shemasi alimeza mate kabla ya kukubali, na hilo fundi cherehani aliliona akalipuuza.

Mzee Tushukuru akawapokea na chai. Hakuwaacha hata wamalize kueleza.

"Kinga? Twendeni tukaione hiyo kinga."

Akawaongoza mpaka kwenye mashine. Kinga ilikuwa imekaa mahali pake mbele ya roli, imepakwa bluu ile ile ya zaburi ya ukutani, inameremeta. Kijana wa kwaya, mwimba tena, yaani sauti ya tatu, ndiye aliyekuwa amewekwa pale badala ya Madonge. Aliinamia unga kana kwamba amedondosha kitu ndani yake.

"Hii imewekwa jana," akasema fundi cherehani. "Rangi yenyewe haijakauka. Gusa, shemasi, ugeuze mkono utazame."

Shemasi hakugusa. "Dada, mashine hupakwa rangi. Ni matunzo."

"Shemasi, hii kinga ilikuwa stoo kwako! Ulikuwa unaitundikia koti lako!"

"Mimi ninavyokumbuka..." akamtazama mzee, akautazama mzigo wa funguo mkononi mwake. "Kukumbuka nako ni neema, dada. Ninavyokumbuka ilikuwepo. Pengine yeye ndugu aliiinua mwenyewe, kwa haraka ya kazi."

Katibu wa akina mama akamshika fundi cherehani begani, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mama, shetani hupenda kuingia kwenye nyumba yenye maumivu. Achilia."

Achilia! Neno hilo wanalo mdomoni muda wote. Mwenye kushika hawamwambii.

*

Hapo ndipo alipokwenda ofisi ya kazi, bila kungoja hatua ya tatu ya kuliambia kanisa, na mkaguzi akaja na miwani iliyofungwa kwa gundi. Alikuta kinga. Akaipima kwa mkono, akaitikisa, imara. Akawauliza wafanyakazi, na mzee akasema bila shaka, waulize wote, sina la kuficha, akawapanga mstari pale pale wanaposimama kwa sala ya asubuhi, na yeye akasimama mbele yao pale pale anapoongozea sala. Mkaguzi akauliza kama kinga ilikuwepo siku ya ajali. Wakaitikia mmoja mmoja kwamba ilikuwepo, kwa sauti ya watu wanaomalizia ombi.

Fundi cherehani alimfuata mkaguzi mpaka barabarani.

"Unaona wanadanganya!"

"Naona, mama. Lakini siandiki ninavyohisi." Akavua miwani. "Kwa nini hamkuja siku ile ile?"

"Ilibidi nimwonye kwanza."

"Umwonye nani?"

"Mwenyewe. Peke yake. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mkaguzi hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka.

"Kwa hiyo ulimwambia kinga iko wapi, ukamwachia nafasi."

"Nilimwachia atubu."

"Mama, sisi huwa tunaingia bila hodi. Ndiyo maana ya ukaguzi." Akarudisha miwani. "Nitachelewesha taarifa yangu mpaka mwisho wa wiki ijayo. Niletee mtu mmoja aliyeona mashine ikifanya kazi bila kinga. Mmoja tu, asimame na jina lake. Nisipompata nitaandika uzembe wa mfanyakazi, na hapo mumeo hana lake."

Jioni hiyo hiyo mzee alimtuma shemasi. Shemasi alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema chumba ni cha mfanyakazi, na ndugu Madonge, kwa hali yake, si mfanyakazi tena. Waanze kutafuta mahali. Bila haraka. Mwisho wa wiki ijayo ingependeza.

"Kumbe unga umemwagika, na kiwanda kimejaa unga!" kizee akapaza sauti kutoka kwenye kochi. "Shemasi, mwambie bosi wako atushukuru na sisi!"

*

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mchungaji, mtu wa amani, yaani mtu anayependa kula chakula chake cha mchana bila kusumbuliwa, alikuwa amesikia kwamba kuna mkwaruzano kati ya washirika. Hivyo ndivyo alivyouita, mkwaruzano. Akaamua lifanyike jambo la mfano. Kabla ya kuikaribia meza, akasema, ndugu wenye neno kati yao wapatane kwanza, na leo tutaliona Neno likifanya kazi mbele ya macho yetu. Akawaita Mzee Tushukuru na Madonge waje mbele.

Madonge alikwenda. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, mkono wa kulia umechomekwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Mzee Tushukuru akamtangulia, akageuka kuwaelekea watu, akanyoosha mkono, mpana, wa upendo. Mkono wa kulia. Hakufikiri. Mtu kama yule hana haja ya kufikiri kuhusu mkono wa mwenzake.

Ule mkono ukabaki hewani. Madonge akautazama, akatazama kitambaa chake. Mtu mmoja akakohoa. Mtoto akauliza kwa sauti mbona yule baba hamsalimii, akazibwa mdomo. Mchungaji akainama upande wa Madonge.

"Mpe wa kushoto, ndugu. Wa kushoto tu, inatosha."

Na Madonge, Mungu amsamehe, akaanza kuunyanyua.

"Usimpe!" Sauti ilitoka kwenye mabenchi ya kinamama. Fundi cherehani alikuwa amesimama, amevaa kile kitenge chake cha kuonyea. "Usimpe huo, baba watoto. Ndio uliobaki."

Mkono wa Madonge ukashuka.

"Mama, keti," akasema mchungaji.

"Sikai. Nipo kwenye hatua ya tatu." Akakaza kilemba. "Nilimwonya peke yake, akapaka rangi. Nikamwonya na mashahidi, mashahidi wakapoteza kumbukumbu. Mlisema nikishindwa niliambie kanisa. Basi kanisa ni ninyi, nawaambia. Wanaofanya kazi kwa mzee wamejaa humu ndani, nawaona, majoho mliyovaa nimeshona mimi. Sitaki mchango wenu. Sitaki maombi yenu. Mmoja wenu asimame aseme kinga ilikuwa wapi. Mmoja tu."

Ulikuwepo. Unakumbuka kimya kile, jinsi mabati yalivyokuwa yanalia kwa joto. Unakumbuka shemasi akitafuta ukurasa kwenye kitabu kilichofungwa. Unakumbuka katibu wa akina mama akitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma isiyogharimu kitu. Mchungaji akampa ishara mpiga kinanda, kinanda kikaanza, kwaya ikasimama ikamwimbia mwanamke yule kichwani mpaka sauti yake ikapotea. Mwimba tena alifungua mdomo kama wenzake, ila hakuna kilichotoka.

Fundi cherehani akaenda mbele, akamshika mume wake kiwiko, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yao sahani za Meza ya Bwana zikaanza kupita, na mkate uliokuwa ndani yake umesukumwa kwenye mashine ile ile. Mkaupokea, mkatafuna, mkafumba macho.

Fundisho la Jumatano lilikuwa na kipande cha mwisho: asiyelisikia hata kanisa, ahesabiwe mtu wa nje. Kipande hicho wazee walikikumbuka upesi. Walikutana baada ya ibada, wakakitumia. Si kwa mwenye kiwanda, hapana. Fundi cherehani ndiye aliyetengwa, kwa kuvuruga Meza. Jumatatu asubuhi katibu wa akina mama akaja kuchukua majoho, hata yale ambayo hayajatiwa vifungo, akayakunja pindo likiwa na pini zake.

"Tunakuombea," akasema.

"Toeni pini kabla ya kuyavaa," akajibu fundi cherehani, "msije mkaumia mkaambiwa ni uzembe."

*

Walikuwa wanafunga vyombo pale mke wa mwimba tena alipoingia, amejitanda khanga mpaka machoni. Binti mdogo, hata rangi ya kucha za harusi haijamtoka. Alijifanya ameleta sketi ya kupunguzwa kiuno. Alipoona fundi cherehani anaikagua sketi kweli, machozi yakamtoka.

"Dada, si sketi. Wameing'oa tena."

"Wameng'oa nini?"

"Ile kinga. Siku ile ile, mkaguzi alikuwa hajafika hata mwisho wa barabara. Kuna oda ya shule. Mzee kasema inakula muda. Na mume wangu ndiye yupo pale."

Madonge alikuwa anajaribu kufunga sanduku kwa mkono mmoja na goti. Akaacha.

"Mwambie asilishe kwa kuinama," akasema polepole. "Mwambie kofi liwe wazi, asikunje vidole. Mimi nilikunja."

"Nimwambie mzee?" akauliza binti. "Niende nimwombe, peke yangu, kwa upole? Labda nikienda kwa upole..."

Fundi cherehani akamshika mikono yote miwili, akambana hadi binti akaguna.

"Usithubutu. Humwambii mtu yeyote wa kule. Mumeo atasema mbele ya mkaguzi?"

"Anaogopa, dada. Chumba chetu nacho ni cha kwake."

"Na wewe umeiona kwa macho?"

"Mimi sijaingia. Nimeambiwa tu usiku, analia."

Kizee akasema kutoka kwenye kochi, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini: "Basi tunatafuta mtu mwenye macho. Mji mzima huu."

Fundi cherehani akavaa viatu. Hakufunga kula, hakunyoosha kitenge. Alikwenda ofisi ya kazi moja kwa moja akamwambia mkaguzi, na mkaguzi akasema yale yale: nitakuja bila hodi, ila wakiniona naingia lango la mbele, kabla sijafika ndani itakuwa imeshapachikwa. Mlete aliyeiona ikiwa haipo, aseme na jina lake, hapo naifunga mashine siku hiyo hiyo, na jambo la mumeo nalifungua upya.

Huko ndiko lilikofika. Wiki haijaisha. Roli zinazunguka wakati huu unaposoma, na kijana wa watu anazilisha kwa vidole vyote kumi, kofi wazi, kama alivyoelekezwa na mtu asiye navyo.

Wewe unayesimama kwenye mstari wa sala pale kiwandani, umeiona. Wewe unayepeleka unga kwa mlango wa nyuma, umeiona. Wewe unayechukua mikate ya jumla na kuchungulia ndani kama imeiva, umeiona pia, usiniambie ulikuwa unatazama tanuri. Usiende kumwonya mzee. Ameshaonywa. Usimwombee kwanza, usingoje Jumatano, usimuulize mchungaji. Ofisi ya kazi iko wazi mpaka jioni, ghorofa ya chini, mkaguzi mwenye miwani ya gundi. Ingia, taja jina lako lote, sema: nimeiona mashine, haina kinga. Maneno hayo tu.

Inuka sasa hivi, uende.